Kuchagua meza si kuhama meza

Juzi jioni kijiweni Shangani, huku kwetu Mtwara, dogo mmoja wa bodaboda aliibwaga simu mapajani akasema, "Hii meza ina nuksi. Ngoja nichague nyingine." Alikuwa anacheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, mtandaoni. Mwezi huu nimeshalisikia neno hilo, kuchagua meza, likitumika hivyo mara nne au tano, na kila mara nimenyamaza. Leo sinyamazi.

Maana yenyewe ni fupi. Kuchagua meza, kwa wachezaji wa poka, ni kuangalia nani wamekaa wapi kabla hujaweka hela, kisha ukaenda kukaa pale ambapo wengi wanacheza vibaya kuliko wewe. Basi.

Kinachowapoteza watu ni hilo neno "meza". Tulilipata kwa Wareno, pamoja na karata zenyewe, turufu, kopa, uru, shupaza na pau. (Lile la kumeza dawa ni letu la Kibantu, halihusiani, ingawa nawajua watu ambao hela zao za korosho zimepitia yote mawili kwa usiku mmoja.) Kwa seremala, meza ni ubao na miguu. Lakini Mswahili hana sababu ya kukwama hapo, maana lugha yake imezoea kuhamisha jina la mahali pa kukaa likawa la waliokaa. Baraza ni ile sehemu ya nje ya nyumba, na baraza pia ni wazee waliokaa hapo wakaamua kesi ya mbuzi. Kijiwe ni jiwe dogo, lakini ukisikia kijiwe fulani kimevunjika huulizi nani alikuwa na nyundo. Unauliza wamegombana nini. Meza ya poka iko hivyo hivyo. Ni kijiwe. Ukiichagua, umechagua watu.

Nikamuuliza dogo huwa anachaguaje. "Kaka, za kijani zinanipa. Za bluu ndizo zinazonila." Nikaomba simu. Kioo kimepasuka kona ya juu, kidole kinakwaruza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta programu imewekwa ibadilishe rangi kila meza mpya inapofunguka. Nikaizima, nikagusa duara jekundu. Meza zote, zinazompa na zinazomla, zikawa nyekundu kama kanga mpya. Rangi ilikuwa ya simu yake. Aliyekaa upande wa pili huenda muda wote alikuwa anaiona meza ileile kwa rangi nyingine kabisa. Wenzake wakacheka. Yeye alicheka kidogo.

Na hiyo nuksi je? Kila mkono, yaani kila mzunguko wa kugawa karata, unaanza na karata 52 zilizochanganywa upya, na programu haina kumbukumbu kwamba umepigwa mara tatu mfululizo. Kuna kitu kinachobadilika kweli mezani, nacho ni watu. Wale wanagenzi wawili waliokuwa wanalipa kila dau wakiinuka, wakaja mafundi kukaa nafasi zao, meza imeharibika hata kama wewe bado unashinda. Ukiondoka kwa sababu hiyo, umechagua. Ukiondoka kwa sababu umekasirika, umehama tu.

Dalili zipo, na baadhi ya mitandao huziweka wazi kwenye orodha ya meza: wastani wa hela zinazorundikwa katikati, na asilimia ya wachezaji wanaolipa ili kuziona zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa. Asilimia ikiwa juu, hapo pana watu wasiojua kutupa karata mbaya, na hao ndio unaowatafuta. Kuna na kiti pia. Mchezo unazunguka kama saa, kwa hiyo yule mkali anayepandisha dau ovyo ni vizuri akae kuliani kwako, aongee yeye kwanza, wewe uamue ukiwa umeshamsikia.

Hapo napita haraka, maana kuna kosa lingine linaloniudhi zaidi. Wako wanaosema wanachagua meza kwenye ruleti, ule mchezo wa gurudumu na kampira, na hata kwenye ule mchezo wa kindege. Unamchagua nani huko? Mnacheza na mwenye nyumba, yaani kasino, na jirani yako hakuongezei wala hakupunguzii. Kwenye ruleti la kuchagua ni gurudumu: lenye sifuri moja lina vyumba 37 na kwa wastani linakula asilimia 2.7 ya kila dau, lenye sifuri mbili lina 38 na linakula 5.26. Poka ni tofauti. Mwenye nyumba anakata kamisheni yake kwenye fungu na kukaa pembeni, hela nyingine inatoka mfukoni mwa mchezaji kwenda kwa mchezaji. Mkiwa wote sawa kwa uwezo, mwisho wa siku anayeondoka na faida ni mkata kamisheni peke yake. Ndiyo maana suala la nani amekaa likapewa jina lake.

Nadhani hata jina la kisheria limechangia. Tangu ile sheria ya 2003 vyote hivi vimewekwa kapu moja, "michezo ya kubahatisha", na mtu akishasikia kubahatisha anaanza kutafuta bahati mpaka kwenye rangi ya kitambaa. Sheria siilaumu, yenyewe inataka leseni na umri wa miaka 18, haina haja ya kuchambua meza. Na kwenye mashindano, nisisahau, hakuna kuchagua: mashine inakupangia kiti na inakuhamisha itakavyo.

Dogo huyohuyo ukimpeleka Mikindani, ukamwambia akae bao na babu yule aliyezeeka na kete mkononi, kwa dau la soda tu, hakai. Nilimkumbusha. Akasema, "Yule? Yule siwezi, kaka, ananimaliza." Nikamwambia hapo ndipo umechagua meza, dogo. Ile ya jioni, baada ya kupigwa, iite kuhama. Nalo ni neno zuri tu.