Uhalifu Uko Kwenye Damu? Maswali Kuhusu Jeni, Ubongo na Jinai

Baba yake alifungwa kwa unyang'anyi. Sasa kijana ameanza ukorofi, na majirani wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wana haki?

Hapana. Hakuna jeni ya wizi. Jeni ni maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli; kazi yake ni kuelekeza mwili utengeneze protini, na hakuna protini inayomtuma mtu avunje mlango wa jirani. Kinachoweza kurithiwa ni mielekeo: wepesi wa hasira, kukosa subira, kutoogopa hatari. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika tabia za ukorofi zinahusiana na urithi. Hiyo ni nusu ya tofauti katika kundi zima la watu. Haina maana kwamba kijana huyo ni mhalifu nusu. Tena amelelewa bila baba, huku mtaa mzima ukimtazama kwa jicho la shaka, na hilo majirani hawalihesabu.

Lakini si iligunduliwa jeni ya ukatili?

Iligunduliwa jeni iitwayo MAOA, jina la ukatili wakaongeza waandishi wa habari. Inatengeneza kimeng'enya kinachovunja kemikali za ubongo kama serotonini na dopamini. Mwaka 1993 watafiti walieleza habari za familia moja ya Uholanzi ambayo baadhi ya wanaume wake walikuwa na jeni hiyo iliyoharibika kabisa. Akili zao zilikuwa nzito kidogo, na walilipuka kwa hasira isiyolingana na kosa. Wengine walichoma moto majengo. Hali hiyo ni adimu mno.

Kuna aina nyingine ya jeni hiyohiyo, inayofanya kazi kwa uvivu, nayo ni ya kawaida: kwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mwanaume mmoja kati ya watatu anayo. Wote hao si wauaji. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto wa Dunedin, New Zealand, tangu kuzaliwa. Wavulana waliokuwa na jeni vivu na pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya wavulana wote, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa bila mateso hawakuonyesha hatari hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, ila kuhusu madhara ya kumtesa mtoto hakuna anayebisha.

Ubongo ukiumwa, mtu anaweza kugeuka?

Anaweza. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki yetu. Huko Virginia, Marekani, mwalimu mmoja wa miaka 40 alianza kuwa na tamaa za ngono kwa watoto, jambo ambalo hakuwa nalo awali, akafikishwa mahakamani. Usiku wa kuamkia hukumu alikwenda hospitali akilalamika kichwa kinamuuma sana. Alikuwa anayumba akitembea, akajikojolea wala asijali. Kipimo kikaonyesha uvimbe mkubwa ukiikandamiza sehemu hiyo ya mbele. Ulipoondolewa, tamaa zikaisha. Baadaye zikarudi, akapimwa tena, kumbe uvimbe umeota upya.

Basi kwa nini tusiwapime watoto wote mapema?

Kwa sababu kipimo cha kumtambua mhalifu wa kesho hakipo, na waliodai kuwa nacho wameumiza watu. Miaka ya 1960 wanaume wenye kromosomu Y ya ziada (kromosomu ni fungu la jeni ndani ya seli, na Y ni ile ya kiume) walisemwa kuwa wakatili kwa maumbile. Wengi wao wanaishi kwa amani, tena bila hata kujua kwamba wanayo. Na sisi huku tusisahau ya J. C. Carothers, daktari wa wakoloni aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953, katika ripoti aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani (WHO), alidai kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kuueleza uasi wa Mau Mau kana kwamba ni tatizo la akili, wakati watu walikuwa wanadai ardhi yao.

Mahakama zinasemaje?

Sheria za Kenya na Tanzania zinauliza kama ugonjwa wa akili ulimfanya mtu asielewe anachofanya, au asijue kwamba hakupaswa kukifanya. Kusema tu "nimerithi" hakutoshi.

Ni lini nimpeleke ndugu yangu hospitali?

Mtu mzima aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, akawa mkali, akapoteza haya, akaanza kuiba vitu asivyovihitaji, usikimbilie kusema amelogwa wala ameshindikana. Mwahi zaidi ikiwa pia anaumwa kichwa, anatapika, anapata degedege, au aliwahi kuanguka na bodaboda. Nenda naye wewe mwenyewe, maana mara nyingi mgonjwa haoni kama amebadilika. Mweleze daktari mabadiliko yalianza lini, na umtajie pigo lolote la kichwa, hata kama ni la miaka ya nyuma.