Utayari wa Kiwanda kwa Mageuzi ya Kidijitali Haupimwi kwa Stakabadhi za Manunuzi

Katika miezi ya karibuni tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa viwanda vilivyopata alama ndogo katika tathmini ya utayari, ilhali vimenunua roboti, programu za kusimamia uzalishaji na skrini kubwa za takwimu. Hatuna shaka na nia njema ya wahusika. Hata hivyo, tathmini haihesabu vifaa, nasi tumelieleza jambo hili mara nyingi. Huchunguza iwapo taarifa inayotoka kwenye mtambo ni ya kweli, inamfikia kwa wakati yule anayepaswa kuamua, na inaathiri uamuzi wake.

Kipimo kilichotolewa mwaka 2017 na acatech, akademia ya sayansi na uhandisi ya Ujerumani, kina hatua sita: kutumia kompyuta, kuunganisha mifumo, kuona kinachotokea, kuelewa kwa nini kinatokea, kutabiri, na hatimaye mfumo kujirekebisha wenyewe. Kiwanda ambacho roboti zake hazina mawasiliano na mfumo wa ghala bado kiko hatua ya kwanza, hata kama roboti hizo ni za mwaka huu.

Mtathmini hukaa zamu nzima kando ya mtambo mmoja akiwa na saa na daftari, kisha hulinganisha alichoandika na kilichomo kwenye mfumo. Tuchukue zamu ya dakika 480 ambayo mfumo unaonyesha mtambo ulisimama dakika 30 tu, yaani ulifanya kazi kwa asilimia 93.75 ya muda. Ikiwa ulisimama pia mara 20, dakika tatu kila mara, na hakuna aliyerekodi kwa kuwa fundi huuwasha upya na kuendelea, kiwango halisi ni asilimia 81.25. Pengo hilo ndilo linaloshusha alama, na haliwezi kuzibwa kwa programu nyingine juu ya takwimu zilezile. Eneo la tathmini lisilo na ushahidi hupewa sifuri, na kumbukumbu zilizoandaliwa kwa ajili ya ziara yetu pekee hazikubaliwi. Fundi wa zamu ahojiwe bila msimamizi wake kuwepo. Tunasikitika kwamba sharti hili bado linapingwa.

Usalama wa mifumo nao si nyongeza. Machi 2019 kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ilishambuliwa kwa programu hasidi inayofunga mafaili, na baadhi ya viwanda vyake vililazimika kuendeshwa kwa mkono. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la usalama wa mtandao, NIS2, linavitaka viwanda vinavyohusika kutoa tahadhari ndani ya saa 24 tangu kutambua tukio kubwa, taarifa ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya taarifa hiyo. Kikomo cha juu cha faini kwa vingi vya viwanda hivyo hakipaswi kuwa chini ya yuro milioni 7 au asilimia 1.4 ya mauzo ya mwaka duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa hiyo tunauliza nani anazijua nywila za mitambo, na lini nakala rudufu ilijaribiwa kurejeshwa.

Kiwanda kinachotaka matokeo yapitiwe upya kiwasilishe kumbukumbu ghafi za mtambo za zamu iliyotathminiwa, pamoja na daftari la fundi la zamu hiyo. Picha za skrini hazitapokelewa.