Tiba ya kimaadili: maana yake, na mahali pa kuiona

Ukilisikia jina hili usidhani mgonjwa alihubiriwa aache dhambi. Mwishoni mwa karne ya 18, Waingereza na Wafaransa waliposema "ya kimaadili" kwenye matibabu walikusudia mambo ya moyo na nafsi, si ya mwili. Tiba yenyewe ilikuwa kumsemesha mwenye ugonjwa wa akili kwa heshima, kumpa kazi, utulivu na ratiba ya siku, badala ya kumfunga na kumtoa damu. Daktari Philippe Pinel aliieneza Paris, na mfanyabiashara William Tuke akafungua nyumba ya wagonjwa York, Uingereza, mwaka 1796.

Tofauti ya zamani na mpya utaiona vizuri Williamsburg, Virginia, Marekani, mji wa kikoloni ulioanza kurudishwa katika sura yake ya kale mwaka 1926 kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller Jr., na sasa ni makumbusho. Wahunzi na waliovaa magauni ya kizamani wanapendeza, lakini mimi ningeanzia hospitali. Ilifunguliwa 1773 ikiwa na vyumba 24, na ndiyo ya kwanza ya umma kwa wagonjwa wa akili peke yao katika makoloni ya Uingereza Amerika Kaskazini.

Chumba kimoja kimepangwa kama enzi hizo: godoro la majani makavu, chungu cha haja, dirisha la nondo, mnyororo uliokazwa ukutani. Dawa? Kutolewa damu, kuharishwa, kuchovywa kwenye maji baridi.

Kingine ni cha karne ya 19, kina kitanda na samani, kama chumba cha mtu anayeishi. Hiyo ni kazi ya kina John Galt, daktari aliyekabidhiwa hospitali mwaka 1841 akiwa na miaka 22. Minyororo ikapungua, vikaja vitabu, muziki, useremala na ushonaji. Galt aliwapokea hata watumwa kama wagonjwa. Ila baadhi ya wahudumu nao walikuwa watumwa, kwa hiyo aliyefunguliwa pingu aliletewa chakula na mtu asiye huru. Jambo hilo hunikaa akilini kuliko mnyororo wa ukutani.

Galt alifariki 1862. Baadaye wagonjwa wakajaa kupita kiasi, tiba ikageuka kuwa kuwatunza tu. Jengo la awali liliteketea kwa moto 1885. Unaloingia leo lilijengwa juu ya misingi ileile na kufunguliwa 1985. Hospitali yenyewe haikufa: inaendelea na kazi nje ya mji huo wa kale, kwa jina la Eastern State Hospital.