Gemu Anayoicheza Mwanao Inamtuza kwa Lipi?

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Mchezaji anakuwa Chris Redfield, Mmarekani anayetumwa Kijuju, mahali pa kubuni huko Afrika Magharibi. Kazi yake ni kuwaua wenyeji walioingiwa na vimelea vinavyowageuza kuwa viumbe vya kutisha. Wenyeji hao wanaitwa Majini. Na wanapomjia na silaha mkononi, wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Kiswahili, Afrika Magharibi! Kwa waliotunga mchezo ule, bara zima lilikuwa mahali pamoja, na lugha yoyote ya Kiafrika ilitosha kuwakilisha hatari. Malalamiko kuhusu ubaguzi wa rangi yalianza tangu 2007, video ya kwanza ya matangazo ilipoonyeshwa. Hili la lugha linatugusa sisi kwa namna ya pekee: mtoto wa Tanga au wa Goma anasikia maneno ya nyumbani kwao yakitoka kwa kiumbe ambaye mchezo unamtaka amuue kabla hajamaliza sentensi.

Katika kazi yetu ya elimu ya habari, wazazi na walimu hutuuliza zaidi kuhusu damu na matusi. Wana haki ya kuuliza. Lakini damu haijifichi. Ukipita sebuleni utaiona kwenye runinga. Maadili ya gemu hukaa ndani zaidi, kwenye kanuni: kipi kinaleta pointi, kipi kinakugharimu, na kipi hakiwezekani hata ukitamani kukifanya. Hadithi unaweza kuisikiliza na kuikataa. Kanuni huwezi kuikataa na bado ukashinda, na anayeifuata kila jioni mwishowe haioni tena.

Chukua Civilization, mchezo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Hakuna damu ya kumtisha mzazi, na wengi husema unafundisha historia. Kwa kiasi ni kweli. Unaanza na mji mmoja, unapanua mipaka, unavumbua mambo, unafanya biashara au unapigana. Sasa tazama ardhi inavyohesabiwa. Isiyo ndani ya mipaka ya dola yoyote haina mwenyewe, hata kama kuna watu. Katika toleo la sita, la 2016, askari wako akiingia katika kijiji kidogo nje ya mipaka, kijiji kinakupa zawadi, labda dhahabu, labda maarifa, kisha kinafutika kwenye ramani. Wanakijiji wamekwenda wapi? Mchezo haukupi hata mahali pa kuuliza. Wakazi wengine wa nje ya dola wanaitwa kwa jina ambalo kwetu ni "washenzi", na tukumbuke kwamba watu wa pwani nao waliwahi kuwaita hivyo watu wa bara. Mtazamo huu una wenyewe wengi.

Januari 2018 ilitangazwa kwamba Poundmaker, kiongozi wa Wacree, wenyeji asilia wa Kanada, katika karne ya 19, angekuwa mmoja wa watawala wa kuchezwa katika Civilization. Wengine wangeshangilia. Kiongozi mmoja wa Taifa la Poundmaker Cree alipinga hadharani: mchezo unaendeleza uongo kwamba watu wao walikuwa na maadili ya wakoloni, ya kuteka wengine na kuchukua ardhi yao. Sura ya babu yao ilikuwa imewekwa kwa heshima. Kanuni aliyopewa aishi nayo ndiyo iliyokuwa ya adui yake. Nadhani hakuna aliyeieleza hoja hii vizuri kuliko hao.

Michezo ya vita huenda mbali zaidi. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ina "Barabara Kuu ya Kifo", na inasema Warusi ndio walioishambulia. Barabara yenye jina hilo ipo kweli, kati ya Kuwait na Iraq, na Februari 1991 walioishambulia kwa ndege walikuwa Marekani na washirika wake. Jeshi la Marekani nalo lilitoa gemu yake ya bure mwaka 2002, America's Army, ili kuvutia vijana wajiunge. Timu mbili zikipambana, kila moja ilijiona ni askari wa Marekani na kuwaona wenzao ndio maadui. Hakuna aliyeweza kucheza upande wa pili.

Sishauri kumpokonya mtoto pedi ya kuchezea gemu. Kaa kando ya mtoto nusu saa, umuulize: hapa ukimwachia huyu aende, unapata nini? Hawa wanaokufa wana majina? Watoto hujibu vizuri mno, kwa sababu kanuni wanazijua kuliko sisi.

Na kwa wanafunzi wakubwa tunapenda kutumia Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka 2013. Wewe ni karani wa mpakani katika nchi ya kubuni, unalipwa kwa idadi ya watu unaowahudumia, na nyumbani familia inahitaji chakula, dawa na joto. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi zote. Anakuomba umhurumie mkewe anayemfuata, naye hana kibali. Ukimpitisha unaandikiwa kosa, na makosa yakizidi unakatwa mshahara. Wanafunzi hunyamaza hapo. Kisha wanaanza kubishana, na huwa tunawaacha wabishane hadi kipindi kinaisha.