Sumu ya mwani ziwani: maswali na majibu

Toledo kulitokea nini?

Tarehe 2 Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Ohio, nchini Marekani, waliamka na tangazo: msinywe maji ya bomba. Walioathirika walizidi 400,000. Maji yao hutoka Ziwa Erie, na vipimo vilikuta maikrosistini, sumu ya bakteria wa kijani-buluu ambao wengi tunawaita mwani. Katazo liliondolewa tarehe 4.

Si wangechemsha tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunaponaswa. Moto huua vijidudu, lakini sumu hii si kiumbe hai. Maji yakichemka mvuke unaondoka, sumu inabaki sufuriani, na kikombe chako kinakuwa kikali kuliko kabla ya kuwasha jiko. Inayoumia zaidi ni ini. Kwa maji ya kunywa ya kila siku, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita.

Sasa boya la kupimia maji ziwani linasaidiaje?

Boya lililotiwa nanga karibu na bomba la kuvutia maji hubeba vihisi vya joto, tope, oksijeni na rangi ya mwani, na hutuma vipimo mchana na usiku. Sumu yenyewe bado hupimwa maabara. Lakini mwendesha mtambo wa kusafisha maji akiona rangi inapanda, anaongeza unga wa kaboni unaonasa sumu kabla maji hayajafika majumbani. Upepo ukigeuka, mwani huhama. Kipimo cha wiki jana hakimfai kitu.

Nani analipa?

Kwa sehemu kubwa serikali kuu ya Marekani, kupitia NOAA, wakala wa bahari na hali ya hewa. Mtandao wa GLOS, unaokusanya vipimo vya maboya, hutoa bure takwimu za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, likiwemo Erie. Pendekezo la bajeti ya Ikulu ya Marekani kwa mwaka 2026 lilitaka kufuta fedha za mitandao ya kikanda kama huo. Kwangu mimi huko ni kubana matumizi pasipostahili: boya halinunuliwi likasahaulika. Lazima vihisi vikwanguliwe utelezi, na boya litolewe kabla ziwa halijaganda.

Na huku kwetu?

Ghuba ya Winam, Kisumu, inao mwani huu. Ukikuta maji ya kijani mazito kama rangi ya ukutani, usiyachote, usiyaoge, wala usinyweshe mifugo.