Mrejesho wa maandishi katika somo la Kiingereza

Daftari la mtoto wa kidato cha kwanza, Mbagala, linarudi nyumbani limejaa wino mwekundu. Juu kuna 8/20, chini kuna maneno mawili: "Ongeza bidii." Mwalimu amesahihisha. Mrejesho bado hajautoa.

Mrejesho wa maandishi ni maneno au alama anazoandika mwalimu kwenye kazi ya mwanafunzi ili mwanafunzi airudie na kuiboresha. Neno lenyewe linatokana na kurejesha, na kinachorejeshwa si daftari tu, ni mtoto mwenyewe, hadi kwenye sentensi yake. Ukisahihisha, kazi umeimaliza wewe. Ukitoa mrejesho, kazi inabaki kwake, ila sasa anajua pa kuanzia.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "Yesterday my mother he go to Kariakoo." Ningeweza kukata na kuandika "went" juu yake, wataalamu huuita mrejesho wa moja kwa moja, naye angenakili akafunga daftari. Ningeweza kupigia mstari tu, atafute mwenyewe. Lakini mtoto huyu si mzembe. Kwetu husemwa "mama alikwenda", na hiyo "a-" hutokea hata mama akiwa ametajwa, tena haibagui mwanamke na mwanamume. Nikaandika pembeni, kwa Kiswahili: "Kiingereza hakirudii mtenda baada ya kumtaja. Na 'yesterday' inataka kitenzi cha wakati gani?" Ndivyo ilivyo pia kwa "borrow" na "lend": kwetu anayetoa na anayepokea wote huazima. Kwa nini kwa Kiswahili? Wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na maelezo ya Kiingereza kigumu hayawafikii.

Sarufi si yote. Mtoto yuleyule alisema mama alirudi amekasirika, akaishia hapo. Nikamuuliza: "Nini kilimkasirisha sokoni?" Swali kama hilo naliona bora kuliko masahihisho kumi, maana linamwambia mtoto kwamba kuna mtu amemsoma.

Wataalamu wamebishana. Mwaka 1996 John Truscott alidai kuwa kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha hakusaidii na kuachwe. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba inategemea kunafanywaje. Mimi niko upande wa Ferris, ingawa darasa lenye watoto 70 linanionyesha kilichomsumbua Truscott: dakika tano kwa kila insha ni dakika 350, karibu saa sita. Kwa hiyo nachagua aina moja au mbili za makosa kwa kila insha, na nawatangazia mapema.

Halafu kuna alama. Ruth Butler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988, alikuta wanafunzi waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Mtoto akiona 8/20 hasomi tena kilichoandikwa chini yake. Ndiyo maana siku hizi alama naziweka baada ya insha kuandikwa upya, na kipindi cha kuiandika upya nakitenga darasani.

Mara ya pili, mama wa Kariakoo alikasirika kwa sababu muuza kanga alimpunja chenji. Na safari hii alikuwa "she".