Mkataba wa Kuenea kwa Jangwa na Sheria Ndogo ya Kijiji

Mkazi wa wilaya ya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, anaposikia kwamba Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa kukabiliana na kuenea kwa hali ya jangwa, ana haki ya kuuliza unamhusu nini, ilhali hajawahi kuishi jangwani. Jibu limo ndani ya mkataba wenyewe. Ulipitishwa Paris tarehe 17 Juni 1994, ukaanza kutumika Desemba 1996, nao unaeleza hali ya jangwa kuwa ni kuharibika kwa ardhi katika maeneo makavu na yenye mvua haba, kutokana na sababu mbalimbali zikiwemo mabadiliko ya tabianchi na shughuli za binadamu. Hakuna sharti la kuwapo mchanga unaosogea. Shamba la mtama lililopoteza udongo wake wa juu kwa mafuriko ya Januari, katika mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua, tayari limo katika maelezo hayo.

Kanda yetu ililijua jambo hili kabla ya mkataba kuandikwa. Katika milima ya Irangi wilayani Kondoa, mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaukumbuka kwa jina la HADO. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichochipua. Ndipo mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi, na nyasi zikashika kingo za makorongo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hatuna budi kukiri gharama yake: kwa kaya ya Kirangi ng'ombe alikuwa maziwa, samadi, mahari na akiba ya mwaka wa njaa, na amri ilitoka juu. Mkataba wa 1994 unadai jambo ambalo amri ile haikulizingatia vya kutosha, yaani wananchi washiriki tangu kupanga hadi kutekeleza.

Ushiriki huo unapatikanaje kisheria? Kusaini mkataba ni hatua ya mwanzo tu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge, hapa hapa Dodoma, madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na hata baada ya hapo masharti yake huhitaji kuingizwa katika sheria za nchi ili mahakama ziyasimamie kikamilifu. Kwa upande wa mazingira, sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kufungua shauri mazingira yanapotishiwa. Inazuia pia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa maji na kingo zake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa.

Hata hivyo, sheria ya Bunge haiwezi kujua ni mwezi gani mbuzi wa kijiji fulani huachiwa mashambani. Hapo ndipo sheria ndogo, yaani ile inayotungwa na kijiji chenyewe, inapohitajika, na hapo ndipo, kwa uzoefu wangu, utekelezaji hukwama. Mfano ni kisiki hai. Mkulima huacha machipukizi ya visiki shambani, huyapogoa na kuyalea mpaka yawe miti. Baada ya mavuno mifugo huingia kula mabua, kama ilivyo desturi, na machipukizi huliwa pia. Mkulima mmoja hawezi kuyalinda peke yake pasipo makubaliano ya jirani zake wote, wafugaji wakiwemo.

Makubaliano hayo yanaweza kupewa nguvu ya kisheria. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu ikitaja mashamba yatakayofungwa, miezi ya kufungwa, njia ya mifugo kwenda majini na faini. Wananchi huijadili katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha rasimu hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na bila idhini hiyo faini haina msingi. Mkutano mkuu hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule unaotangulia mavuno ndio unaofaa kwa ajenda hii, na wafugaji waalikwe mapema, kabla hawajaelekea malisho ya mbali.